Kilo ngapi ndiyo mwisho? Jibu kwa kaka wa godauni Shimanzi

Kuna kaka ameniandikia kutoka Mombasa, anafanya kibarua cha kupakia na kushusha mizigo kwenye godauni moja huko Shimanzi. Nalifupisha swali lake. Wanashusha saruji ya kilo 50, msimu mwingine magunia ya mahindi na maharagwe ya 90 na kupita, wanalipwa kwa mfuko. Wiki tatu zilizopita akiwa na gunia begani kiuno kikamlia "ta!" akakaa chini, na tangu siku hiyo mguu wa kushoto unakufa ganzi. Alipomwambia nyapara akajibiwa hakuna sheria Kenya inayosema mtu abebe kilo ngapi, asiyeweza arudi kwao, wenzake wako getini wanangoja. Anauliza: ni kweli sheria haina kilo? Na yeye kibarua wa kutwa, hana barua wala kadi, ana haki gani?

Kaka, pole sana. Kabla sijagusa sheria hata kidogo, huo mguu. Mguu unaokufa ganzi baada ya kiuno kulia si wa kukandwa na maji moto ukangoja upoe wenyewe, nenda hospitali uangaliwe. Na ukiona mkojo unashindwa kuuzuia, au hautoki, au ganzi imepanda ikakaa huku katikati ya mapaja mahali unapokalia tandiko la baiskeli, usingoje asubuhi, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo manake mishipa inayobanwa hapo ikikaa kubanwa sana huenda isirudi kufanya kazi tena. Ukifika kwa daktari usiseme tu "naumwa na mgongo". Sema umeumia kazini, tarehe fulani, ukiwa umebeba gunia la kilo kadhaa, na usitoke hapo mpaka umeona ameyaandika hayo kwenye karatasi. Utaona mbele kwa nini nasisitiza.

Sasa nyapara wako. Amekwambia nusu ya ukweli, na hiyo nusu ndiyo imeumiza watu miaka yote hii. Ni kweli ukiichukua Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 ukaisoma kifungu cha 76 kinachohusu mambo haya hutakuta pameandikwa kilo 25 wala kilo 50. Lakini kinasema hivi, kwa Kiswahili changu: mwajiri asimtake wala asimruhusu mfanyakazi wake kubeba au kusafirisha kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumletea majeraha mwilini. Soma tena hapo kwenye asimruhusu. Hata kama wewe mwenyewe ulisema "nipe bosi ntaweza" kwa sababu unalipwa kwa mfuko na nyumbani kuna watu wanangoja unga, yeye bado hakutakiwa kukuachia. Hiyo habari ya "mwenyewe alikubali" ambayo mabosi wanapenda kuitoa mbele ya mkaguzi, kifungu hakijaiweka.

Kwa hivo sheria yetu haiulizi kilo ngapi, inauliza je huu mzigo, kwa huyu mtu, hapa, unaweza kumuumiza? Na anayetakiwa awe ameshajiuliza na akajijibu kabla gunia halijainuliwa ni mwajiri, si wewe, manake sheria hiyo hiyo inamtaka mwenye mahali pa kazi afanye tathmini ya hatari za kazi yake. Wewe ukisimama mbele ya afisa huna haja ya kuthibitisha kwamba kuna kilo fulani imepitwa, unaonyesha mzigo ulikuwa wa kuumiza na umeumiza, halafu mwajiri atoe hiyo tathmini yake. Nshaona mabosi wengi wakiulizwa hiyo karatasi wanaanza kufungua droo tu.

Watu wengi wananiambia basi wangetuandikia namba ikaisha. Mimi zamani nilikuwa naona hivo hivo, siku hizi sina uhakika sana, na ntakwambia kwa nini. Chukua Ufaransa, wao wameandika: mwanamume asibebe zaidi ya kilo 55 kama kazi yake ya kawaida mpaka daktari wa kazi athibitishe anaweza, na hata akithibitisha asipite 105, mwanamke mwisho wake 25. Shirika la Kazi Duniani, ILO, mwaka 1967 lilipitisha mkataba namba 127 juu ya uzito wa juu wa kubebwa na mtu mmoja, mkataba wenyewe hauna kilo, maneno yake yanafanana sana na ya kwetu, lakini pendekezo lililotoka pamoja nao likasema penye ruhusa ya zaidi ya kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima pafanywe haraka kuishusha ifike hapo. Sasa hiyo 55 ikitua mkononi mwa nyapara wako atakwambia saruji ni 50, bado una nafasi ya kilo tano, beba. Namba ikishaandikwa kikomo watu wanaisoma kama ruhusa.

Wanaopima mgongo wenyewe wanatoa namba ndogo zaidi. Marekani kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, hesabu yao inaanzia kilo 23 na hapo ni pale kila kitu kiko vizuri: mzigo uko karibu na mwili, una mahali pa kushika, huinami, hujipindi, huinui mara nyingi. Kila kimoja kikiharibika hiyo 23 inashuka. Uingereza kanuni zao za 1992 nazo hazina kikomo cha kilo, ila mamlaka yao ya usalama kazini imetoa mwongozo wa kuchujia: mwanamume kilo 25 ikiwa mzigo unashikwa usawa wa kiuno karibu na mwili, mwanamke 16. Mzigo huo huo ukishikwa mikono imenyooshwa mwanamume anashuka mpaka 15. Ukitoka sakafuni, 10. Na ukiwa sakafuni na mikono imenyooka, 5. Kilo tano, kaka! Halafu ukijipinda unapunguza tena, na ukiinua mara moja au mbili kila dakika unatoa asilimia 30. Wenyewe wanasema si kikomo cha sheria, ukipita hapo maana yake kaa chini ufanye tathmini ya kweli.

Haya si sheria za Kenya na usiende nazo kwa afisa kana kwamba ni sheria. Lakini zinakusaidia kuonyesha kwamba anayesema kilo 50 ni kawaida anaongea mazoea tu. Mfuko wa saruji ni mara mbili ya ile namba bora kabisa, ya kiunoni, karibu na mwili, mara moja moja. Wa kwako unatoka sakafuni unaenda begani, siku nzima.

Hebu tupige hesabu ya lori moja. Tani 28 ni mifuko 560. Mkiwa watu sita kila mmoja anapata 93 na kidogo, hiyo ni zaidi ya kilo 4,600 zimepita kwenye pingili za mgongo wako kabla ya saa sita mchana, na pengine lori la pili liko nje linanguruma. Ndiyo maana huwa nawaambia watu mgongo mara nyingi hauvunjwi na lile gunia lililoufanya ulie, lile limekuta tu kazi imeshafanywa. Diski za katikati ya pingili zinabonyezwa, zinabonyezwa, siku unainama kidogo na mzigo uko mbali na tumbo, kitu kinachomoka. Na kubeba mbali na mwili ndiyo mbaya kuliko hata uzito wenyewe, jaribu ndoo ya maji ishike kifuani halafu inyooshee mbele, kilo ni zile zile lakini kiuno kinakwambia.

Kuna siku niliitwa kwenye godauni moja, silitaji jina, nikakaa asubuhi nzima pembeni naangalia tu. Kulikuwa na mzee mmoja wa makamo, amekunja gunia tupu akalivaa kichwani kama kofia ya mvua likashuka mpaka mgongoni, ndiyo kinga yake ya vumbi la saruji. Wawili juu ya lori wanamtwika mfuko begani, yeye anateremka kwenye ubao. Ubao unabonyea katikati. Kila akifika pale unapobonyea anashikilia pumzi, goti la kulia linatetemeka mara mbili tatu, halafu anaachia pumzi "ssss" akishafika chini. Kila safari pale pale. Shingoni saruji imechanganyika na jasho imekuwa uji wa kijivu na chini yake ngozi imeungua, manake saruji mbichi inachoma ngozi. Meneja aliponiona nimekaza macho akaniambia kwa fahari wamewanunulia wote mikanda ya kiuno. Nikamuuliza na ubao je? Ule mkanda hauondoi hata kilo moja, NIOSH hao hao waliuchunguza wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba unamkinga mtu ambaye hajaumia asiumie, na ubaya wake ni kwamba mtu akiuvaa anajiona ameongezewa nguvu.

Siku hiyo hiyo niliomba mizani. Kulikuwa na magunia ya viazi yale yaliyoshonewa kilemba juu, Tanzania wanayaita lumbesa na huku kwetu jina hilo linajulikana pia. Kwenye karatasi ya lori yameandikwa kama magunia ya kawaida. La kwanza tulilopandisha lilisoma 128. Vijana walionizunguka wakanyamaza, mmoja akasema sisi tulijua ni zito lakini hatukujua ni hivi. Na hapo kanuni zipo! Kanuni za viazi za 2019 hapa Kenya zinataka gunia lisizidi kilo 50. Zimeandikwa kwa ajili ya mkulima asipunjwe, lakini bega la kuli nalo linapata nafuu humo zikifuatwa. Kwa hivo mzigo ukiwa viazi na umezidi 50, hapo namba unayo, ishike.

Mizani ndiyo jambo lenyewe. Mlima Kilimanjaro wapagazi wanaopandisha mizigo ya watalii wana kiwango cha kilo 20, na kinachofanya kifuatwe ni kwamba getini kuna mizani na begi linaning'inizwa kabla ya kupanda, likizidi linapunguzwa. Mtu huyo anapanda mlima na wewe uko kwenye sakafu ya saruji, najua si sawa sawa, lakini tofauti ya 20 na 128 haielezwi na mlima. Hata wapagazi wa misafara ya zamani ya kwenda bara, kazi ngumu vile, mzigo wao ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mfuko wako mmoja wa saruji ni frasila tatu na ushei.

Haya, la pili, ukibarua. Hapa nyapara atajaribu tena kukutisha, atasema wewe si mfanyakazi wetu, umeletwa na kiongozi wa genge, tunamlipa yeye. Sheria ya 2007 inahusu mahali popote pa kazi ambapo mtu yuko kazini, iwe kwa muda au kwa kudumu, na kifungu cha 6 kinampa mwenye mahali pa kazi jukumu la usalama wa watu wote wanaofanya kazi humo. Watu wote. Hakijasema wenye barua. Halafu kwenye Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zikafika jumla ya mwezi mmoja, au kazi yenyewe ni ya kuchukua miezi mitatu na kuendelea, anahesabiwa kama wa mkataba wa mshahara wa mwezi hata kama analipwa jioni jioni. Umeniandikia uko hapo tangu mwaka juzi. Wewe si kibarua wa kutwa, wewe ni mfanyakazi anayelipwa kila jioni, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Kitakachokusumbua ni ushahidi wa hizo siku, basi tafuta meseji za M-Pesa ulizolipwa, picha ulizopiga huko, ujumbe wa grupu la WhatsApp wa kuitana kazini, jina la mwenzako mmoja au wawili watakaokubali kusema.

Juu ya kuumia kuna sheria nyingine, watu wanaiita WIBA, ni ya mafao ya mtu aliyeumia kazini, nayo ni ya 2007. Mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili hiyo. Wewe unatoa taarifa kwa mwajiri, kwa maandishi au hata kwa mdomo, naye akishapata taarifa ana siku 7 za kuripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Ulimwambia nyapara siku ile ile, hiyo taarifa ilishatoka, lakini ya mdomo itakanwa, kwa hivo leo andika meseji fupi kwake na kwa meneja: mimi fulani, tarehe fulani, nikibeba gunia la kilo kadhaa kutoka lori fulani, niliumia kiuno, nilikujulisha siku hiyo hiyo. Usitukane, usitishe, usiweke maneno ya sheria. Piga picha ya skrini umtumie mtu mwingine aihifadhi. Ukishindwa kufanya kazi siku tatu au zaidi sheria inakupa malipo sawa na mapato yako wakati unaugua, yasizidi miezi 12. Ikionekana umebaki na ulemavu wa kudumu hesabu inaanzia mapato ya miezi 96 kisha inachukuliwa asilimia ya ulemavu wako. Na madai yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Nimekutana na watu wazuri, wagonjwa kweli, wamekuja mwezi wa kumi na nne.

Jambo moja nikwambie wazi usije ukashangazwa mbele. Mgongo ulioisha pole pole ni mgumu kuutetea, watasema ni umri, ni mpira ulicheza ujanani, ni kitanda. Wako una siku na saa na gunia, ndiyo maana ile karatasi ya daktari ina uzito kuliko maneno yote utakayosema baadaye. Kama umeshapiga eksirei na daktari akasema haionyeshi kitu usikate tamaa, eksirei inaonyesha mifupa, diski iliyotoka na mshipa uliobanwa mara nyingi inataka kipimo kingine na daktari atakwambia kipi.

Kufukuzwa, najua ndiyo kinachokushika. Sheria inakataza mwenye mahali pa kazi kumwadhibu au kumfukuza mtu kwa sababu amelalamikia usalama. Sitakwambia hawafanyi, wanafanya, hawakuiti tu asubuhi. Kwa hivo usiende peke yako ukiweza. Mkiwa watano mkaandika barua moja kwa ofisi ya usalama na afya kazini, ile ya DOSHS iliyo chini ya wizara ya kazi, Mombasa ipo, mkaomba wakaguzi waje wapime magunia na waulize tathmini ya hatari, hapo hamdai pesa ya mtu mmoja, mnadai ukaguzi, na jina lako liko katikati ya mengine. Godauni likiwa na wafanyakazi 20 na zaidi linatakiwa pia liwe na kamati ya usalama yenye wawakilishi wa wafanyakazi, ulizeni ni nani.

Na mkikutana na meneja msiende na "tupunguzie kazi", atafunga mlango. Nendeni na vitu vya kufanyika wiki hiyo: troli mbili zenye tairi nzima, ubao mpana usiobonyea au ngazi ya mteremko, mifuko ipangwe juu ya paleti mbili tatu isianzie sakafuni, lori lipakuliwe kwa zamu ya kupumzika, na gunia la kupita 50 libebwe na wawili au liende kwa foklifti. Wawili siyo mara mbili, mjue, ule mwongozo wa Uingereza unahesabu watu wawili kama theluthi mbili ya nguvu zao zikijumlishwa, manake hawaendi hatua moja. Kwa hivo gunia la 128 hata wawili ni kuumizana, hilo lifunguliwe ligawanywe.

Umeuliza pia mwishoni kuhusu mdogo wako wa miaka 16 anayekuja likizo kusaidia kubeba. Mtoe hapo. Chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Ajira na kazi ya hatari haimhusu, na mifupa yake bado inakua.

Wiki tatu zimeshakwenda. Kesho asubuhi usipite godauni kwanza, pita hospitali, na ile karatasi ukishapewa ipige picha pande zote mbili kabla hujaikunja ukaitia mfukoni, manake jasho la kazi yenu linafuta wino.